Maneno Kabla ya Kuipiga Ngoma ya Osmund

Mheshimiwa Meya, uliyekaa karibu na sinia la jibini kuliko mtu yeyote humu ndani, Padri Klement, ndugu Mwenyekiti wa maveterani, mwenye ukumbi huu na mwenye bia hii, Mwalimu Renata Hoeft, mkuu wa kikosi chetu cha ngoma na tarumbeta, ndugu yangu Norbert Vandenboom pamoja na wazee wenzangu wa meza ile ya kushoto, mliokaa na kofia kichwani kama watu wanaosubiri basi, kina mama mliotukaangia samaki, wageni waalikwa, na wale ambao hamkualikwa ila pua ziliwaleta, na nyinyi vijana wa kikosi, mlioambiwa mnyamaze ili mzee azungumze, na naona mnavyoteseka: habari za jioni.

Kwa asiyenijua, na hapa Marlow Rapids sidhani kama yupo, mimi ni Ambrose Pikarski. Shule niliiacha mapema, wala haikunitafuta. Lakini nilibeba ngoma kubwa ya kikosi hiki wakati ngoma zilikuwa ngoma, zimewambwa ngozi ya ng'ombe, siyo hizi za plastiki ambazo ukizipiga zinatoa sauti kama ndoo ya mopu. Mimi nilikuwa nikipiga hapa, kuku wa ng'ambo ya mto wanataga. Anayebisha asimame. Norbert, kaa chini, wewe hujawahi kufuga kuku.

Leo nimeitwa kufanya kazi ndogo sana. Mnajua desturi yetu: jioni ya kuwaaga vijana kabla ya mashindano ya kiangazi, mzee kuliko wote kati ya tuliobaki wa kikosi cha zamani anaipiga ngoma hii hapa pembeni yangu, mara moja, kwa nguvu, na baada ya hapo ndipo vijana wanaruhusiwa kupanda basi. Isipopigwa, basi haliondoki. Haijawahi kutokea isipigwe. Mwaka ule marehemu Stan Bielak alikuwa na mkono kwenye plasta, akaipiga kwa plasta.

Sasa niwaambie kitu ambacho hamjawahi kukisikia kikitoka kwenye mdomo huu. Naogopa. Na siyo bia inayosema, bia ni ya pili tu. Naogopa kuipiga ngoma hii, na naogopa kutoipiga.

Mnajua sababu. Tangu kikosi hiki kiundwe, mdomo ulikuwa na kazi moja, kupuliza tarumbeta, na sisi wa ngoma mdomo tuliubeba tu kama mzigo. Hatukuimba, hatukusema, hata kukohoa tulikohoa tukifika nyumbani. Sasa kanuni zimebadilika, vipaza sauti vinaruhusiwa, na Mwalimu Renata mwaka huu ametuwekea waigizaji uwanjani na mwimbaji mmoja. Mwimbaji huyo ni binti yule pale mwisho wa meza, Corinne Shimek, aliyeacha kula samaki wake tangu nilipoanza kuongea. Kula, mwanangu. Samaki hana kosa.

Na wazee wenzangu wameamua. Kesho kwenye mashindano huko Osmund, binti huyu akifungua mdomo, wao watasimama jukwaani na kugeuka, wampe migongo. Nyinyi vijana mnaona ni jambo dogo. Kwetu hatuzomei, maana hata kuzomewa ni kuwa na watu wanaokusikiliza. Mgongo ni mgongo. Niliwahi kuona kikosi cha mji jirani kikipewa migongo na wazee wake wenyewe, jukwaa zima la makoti. Vijana wale walimaliza kupiga, wakatoka uwanjani kwa hatua safi, wakapanda basi, na kiangazi kilichofuata kikosi hakikuwepo. Hakikufungwa na mtu. Kila mtoto alibaki nyumbani kwao, basi. Na sisi nguvu yetu mnaijua, tumebaki wangapi? Migongo ya kesho tutaimudu?

Wiki iliyopita Norbert aliniita baa kwa Gladys. Nikajua kuna jambo, maana alilipa yeye.

Akaniambia, "Ambrose, Ijumaa usiipige ile ngoma."

Nikamwambia, "Norbert, umenilisha soseji mbili ili uniambie hivyo? Ungenilisha tatu."

"Sitanii. Kikosi hakina sauti. Kaka yangu Eugene hakufungua mdomo mpaka mwisho wake. Halafu leo mjukuu wa Delbert Shimek, wa Delbert kati ya watu wote, apewe kipaza sauti pale pale Osmund?"

"Binti hajui lolote la mambo yale."

"Basi mimi najua. Ukiipiga, mimi na wewe ndiyo mwisho."

Akavaa kofia yake akaondoka, soseji yake hajaimaliza. Nimemjua Norbert tangu tukiwa na meno ya utoto, sijawahi kumwona akiacha soseji. Hapo ndipo hofu ilipoingia kwangu, na mpaka leo haijahama.

Nyinyi vijana mnamjua Eugene Vandenboom kwa picha ile ukutani, yenye taa ndogo chini yake. Kombe la kiongozi bora linaitwa kwa jina lake. Delbert Shimek hamumjui, hana picha. Wengi mmemwona tu akitoka kiwandani na kopo lake la chakula, anatembea upande wa kivuli. Basi nawasimulia. Najua mmewahi kunisikia nikisimulia Osmund. Mmesikia kimbunga kikubwa kama wilaya mbili, mmesikia nilivyokipiga ngoma kikakata kona. Leo nakirudisha kwenye ukubwa wake, kwa sababu mbele ya binti huyu sitaki kuongeza chumvi, na kwa sababu kile cha kweli kinanitisha kuliko changu.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba, kiangazi kama hiki. Wakati ule waamuzi walitukata alama kwa makosa, sehemu moja ya kumi kwa kila kosa, sisi tukiita nukta. Kidole nje ya mstari, nukta. Kofia imelala, nukta. Na kubwa kuliko zote, kusema ndani ya mstari. Wiki moja kabla ya Osmund tulishindwa ubingwa kwa nukta moja, kwa sababu mtu alipiga chafya wakati tumesimama. Simtaji. Yuko meza ya kushoto, ana kofia ya kijani. Tulirudi nyumbani basi zima hatumsemeshi. Kwa hiyo tulipofika Osmund kila mmoja wetu alikuwa amefunga mdomo kama aliyeushona kwa uzi.

Mkijua uwanja wa maonyesho wa Osmund, mnajua jukwaa linatazama mashariki. Watu wanakaa wanatutazama sisi uwanjani, na magharibi iko nyuma yao. Wakati ule lilikuwa na paa refu la mbao. Sisi uwanjani tunawatazama wao. Chochote kikitokea magharibi, wao hawakioni. Sisi tunakiona juu ya paa lao.

Tulipiga vizuri siku hiyo. Mimi nilipiga vizuri kupita kiasi, lakini tuyaache. Vikosi vyote vikarudi uwanjani kusimama mguu sawa kusubiri matokeo, macho mbele, hakuna kugeuza shingo, hakuna kujikuna. Eugene, kiongozi wetu, mbele yetu, peke yake juu ya sanduku lake la kusimamia, mkono kwenye saluti. Jaji mmoja anapita katikati ya mistari na karatasi, anatukagua miguu. Washika bendera pembeni, na Delbert Shimek alikuwa mmoja wao. Delbert, wale waliomjua mtanisaidia, ulikuwa ukimsalimia Jumatatu anakuitikia Jumatano.

Hewa ikasimama. Bendera zikaning'inia kama taulo. Njiwa waliokuwa wakigombea makombo ya mahindi, nikiwatafuta, hawapo. Halafu ngoma yangu ikaanza kulia.

Sikuigusa. Fimbo zangu zilikuwa chini, zimebana mapajani kama tulivyofundishwa. Lakini ngozi ilikuwa inatetemeka yenyewe kifuani kwangu, inanguruma kidogokidogo, kama mbwa anayemsikia mtu mlangoni kabla wewe hujamsikia. Nikadhani ni moyo wangu. Nikashusha jicho bila kushusha kichwa. Ilikuwa ngoma.

Nikainua jicho. Juu ya paa, mbingu ilikuwa ya kijani, kijani cha maji ya mtaro. Na katikati ya kijani kile kikashuka kitu. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa chembamba, na hicho ndicho kilichotisha. Chembamba, kinakuja bila haraka, kama mtu anayejua unapoishi.

Stan Bielak alikuwa kulia kwangu. Akanong'ona bila kufumbua midomo, "Ambrose, unakiona?"

Nikamjibu hivyo hivyo, "Nakiona. Funga bakuli lako, jaji anakuja."

Mnacheka. Na mimi ningecheka kama ningekuwa nimekaa hapo mlipo. Lakini hebu jiulizeni: vijana mamia kwa mamia, wote macho mbele, wote tunakiona, na mbele yetu mama zetu wanajipepea kwa kofia za karatasi, wanatutabasamia, wanapungia watoto wao waliosimama wima vizuri. Hawajui. Kila mmoja wetu anajua kuwa mwenzake anajua. Mtu unamwangalia mama yako, na nyuma ya kichwa cha mama yako unaona kile kitu, na husemi. Kwa nini husemi? Kwa sababu ya nukta. Tulifundishwa vizuri mno. Tangu siku hiyo nimeogopa mambo mengi, mashine za kiwandani, daktari wa meno, mama mkwe wangu apumzike kwa amani, lakini sijawahi kuogopa kitu kama kimya kile tulichokisimamia wenyewe.

Delbert akatoka kwenye mstari.

Hakutoka kwa hatua. Alikimbia, na bendera yake mkononi, akikanyaga chokaa, moja kwa moja kwenye jukwaa, akipiga kelele. "Nyuma yenu. Tazameni nyuma yenu." Sauti yake ilikuwa mbaya. Mtu asiyezoea kusema, siku anayopiga kelele sauti inapasuka. Watu walicheka kwanza. Walidhani ni sehemu ya onyesho, ikiwa mnataka kujua nani alikuwa mwigizaji wa kwanza wa kikosi hiki. Halafu mwanamke mmoja safu ya chini akageuka kutazama. Mheshimiwa Meya, yule alikuwa mama yako, na alikuwa na soseji mkononi, na alikuwa na mimba, na aliyekuwa tumboni simtaji ila leo amekaa karibu na jibini.

Mama yako ndiye aliyepokea ukelele ule akaueneza. Jukwaa likamwagika. Watu wakakimbilia kwenye banda la ng'ombe, lile la zege, na sisi tulipoona mstari umeshavunjwa na mtu mwingine, na sisi tukakumbuka kuwa tuna miguu. Nilivua ngoma nikaitupa. Mimi, Ambrose. Tukampita Eugene kwenye sanduku lake.

Hapa Norbert unisamehe, nasema pole pole.

Eugene alikuwa anakiona kama sisi sote. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado kwenye saluti, maana hakuna aliyetamka kuwa saluti imekwisha. Tulipompita mbio alinyoosha mkono wa kushoto, kiganja wazi, ile ishara tuliyoijua wote: simama. Anatuamuru turudi kwenye mstari. Mdomo ameufunga. Nilipita karibu kiasi cha kuona macho yake, na macho yake yalikuwa yanataka kuja na sisi. Mwili ndio haukupewa amri.

Paa liliinuka zima kama kifuniko cha sufuria, likageuka, likaja uwanjani. Mle bandani tulisikia sauti ambayo sitaiigiza. Ng'ombe walikuwa wamelala chini, hawatoi hata pumzi. Tulipotoka, jukwaa lilikuwa limebaki mbao tupu zilizosimama, na ndani yake hapakuwa na mtu, hata mmoja. Ngoma hii tuliikuta katikati ya shamba la mahindi, imepasuka upande mmoja. Eugene tulimkuta chini ya paa. Glavu zake zilikuwa nyeupe bado.

Wiki iliyofuata waamuzi wakaleta matokeo. Ndiyo, walileta, kazi ni kazi. Tulikuwa wa pili. Tulikatwa nukta moja, kusema ndani ya mstari.

Tukakaa kikao katika ukumbi huu huu. Eugene alikuwa amekufa akiwa amesimama sawasawa, na Delbert alikuwa hai akiwa amevunja mstari, na mji mzima ulikuwa unatafuta mtu wa kulaumu, kwa sababu kimbunga hakina anwani. Wakasema alivunja mstari, mstari ukamwacha kiongozi wake. Delbert akasimama. Alivua koti la kikosi, akalikunja mikono ndani kama dukani, akaliweka pale ilipo sasa mashine ya bia, akatoka. Hakuja kwenye shindano lolote mpaka anakufa, majira ya baridi yaliyopita. Na mimi nimewasimulia Osmund miaka hamsini, nimewachekesha sana, na sijawahi kusikia mtu akiniuliza, Ambrose, na yule aliyepiga kelele yuko wapi?

Sasa tuje kwa huyu mjukuu. Juzi Mwalimu Renata alinialika kwenye mazoezi. Nilikwenda kwa nia mbaya, nilitaka kupata la kuwasimulia meza ya kushoto. Na nilipata. Mwalimu, samahani, waigizaji wako wanatembea uwanjani kama watu waliopoteza funguo. Na kile kipaza sauti kilipiga mluzi mpaka meno yangu ya bandia yakalegea. Nilicheka peke yangu kwenye nyasi. Halafu tarumbeta zikanyamaza, ngoma zikanyamaza, waigizaji wakasimama mguu sawa, wote macho mbele. Binti huyu akaanza kuimba taratibu, wimbo mzuri, sikatai, na kule mwisho uzuri ukamtoka, sauti ikapasuka, akapiga kelele: tazameni nyuma yenu.

Nikageuka. Mzee mzima, nikageuka mbio mpaka shingo ikalia. Nyuma yangu kulikuwa na gari la maziwa.

Nilikaa pale chini hata mazoezi yalipoisha. Corinne akaja akaketi.

"Babu Ambrose, umeugua?"

"Nimechoka tu. Nani alikufundisha kuvunja sauti hivyo?"

"Mwalimu. Amesema umemsimulia wewe."

Naam, mdomo wangu. Nilimsimulia Mwalimu siku moja kwa bia, kama ninavyomsimulia kila mtu, na yeye peke yake katika mji huu ndiye aliyesikia kipande kisichochekesha.

Binti akaniuliza, "Ilikuwa kweli? Babu nilimwuliza kwa nini aliacha kikosi, akaniambia alipata mafua."

"Huyo ndiye Delbert."

"Na sauti yake ilikuwaje?"

"Mbaya. Kama bata bukini aliyekanyagwa."

Akacheka, halafu akaacha. "Babu Ambrose, ni kweli wazee watageuka?"

Ningeweza kumdanganya. Mnajua nina kipaji. Nikamwambia, "Ni kweli."

"Na nikiona migongo, sauti ikikataa kutoka?"

Mimi ninayejibu hata nisichoulizwa, nilimwuliza kama amekula. Nikarudi nyumbani, na tangu siku hiyo, jamani, naogopa zaidi. Naogopa binti huyu atasimama kesho pale pale aliposimama babu yake, atafungua mdomo kuwaambia watu wa kwao jambo la kweli, na kwa mara ya pili watu wa kwao watamvua koti.

Basi wazee wenzangu wa meza ya kushoto, nasema na nyinyi. Uimbaji siupendi. Mkinipa tarumbeta safi na ngoma ya ngozi nitakufa nimetabasamu, na waigizaji waende kwenye maigizo. Lakini hamkuja kwenye mazoezi. Mliapa hamtakanyaga, hamkukanyaga. Kwa hiyo kuna kitu hamjakiona, na Norbert, wewe hasa.

Kati ya wale waigizaji yupo mmoja aliyesimama kwenye sanduku, mkono kwenye saluti. Glavu nyeupe. Amesimama hivyo tangu mwanzo wa onyesho, mpaka unaanza kumwonea huruma bega lake. Binti anapopiga kelele, wote wanakimbia. Yeye anabaki. Ananyoosha mkono wa kushoto, kiganja wazi. Nilifumba macho hapo, Norbert, sikutaka kuona tena. Halafu nikasikia binti anaimba jina. Anaimba, Eugene, shuka. Siyo kwa nguvu. Kama unavyomwita mtu chakula kimeiva. Nikafumbua macho.

Anashuka, Norbert. Anashusha mkono, anaitazama ile glavu, anashuka kwenye sanduku, anakimbia na wenzake.

Miaka yote hii tumemsifia kaka yako kwa kusimama, tumemwashia taa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema kwa sauti kwamba tungependa angeshuka. Ukiwapa mgongo kesho, hutamwona akishuka. Ni hilo tu nililokuwa nalo kwako. Ile soseji yako nilimalizia mimi, isije ikakusumbua.

Naona umevua kofia. Sikuulizi kwa nini, humu ndani kuna joto.

Kuna joto kweli. Mheshimiwa, tangu nimesimama hapa natazama dirisha lililo juu ya kichwa chako, unadhani nakutazama wewe. Hewa imesimama tangu mchana. Redio inasema kesho mawingu yatatoka magharibi. Huenda yakapita mbali, mara nyingi hupita mbali. Lakini jukwaa la Osmund walilijenga upya likitazama upande ule ule, mashariki, kwa sababu watu hawapendi jua la jioni machoni. Kesho mtakaa mle, magharibi nyuma yenu, kama mama zenu.

Kwa hiyo kwa mzee yeyote ambaye bado ameamua kugeuka, sitamzuia. Geuka. Nina kazi ya kukupa. Katika uwanja mzima wewe peke yako ndiye utakayekuwa unatazama magharibi. Vijana watakuwa wanapiga, watu watakuwa wanamtazama binti, wewe tazama mbingu. Itazame vizuri. Ukiona rangi ya kijani, ukiona bendera zimening'inia na njiwa hawapo, ukiona kitu chembamba kinakuja bila haraka, usihesabu nukta. Nakuomba, fungua mdomo. Hata kama sauti ni mbaya.

Mwalimu Renata, nakushukuru kwa kusikia. Kina mama, nawashukuru kwa samaki. Vijana, mabasi yako nje na mko huru kuogopa, mimi ni mkubwa wenu na naogopa kuwazidi. Corinne, simama, mwanangu, ili wakuone, na mtu amletee koti lile lililokunjwa, mke wa Mwenyekiti analo, alilitunza tangu siku ile na hakumwambia mtu mpaka leo aliponinong'oneza. Huenda likampwaya mabegani. Babu yake alikuwa mrefu.

Wote mlionivumilia mpaka hapa, mmenipa masikio yenu jioni nzima na nawashukuru kwa hayo. Sasa yazibeni. Naipiga.